Geji za upepo zikaguliwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wenye vituo vya mafuta, mafundi pancha na madereva wenzangu wa Mtwara na Lindi jambo linalonisumbua, nalo ni mazoea yetu ya kujaza matairi upepo kwa kukisia.

Hivi karibuni, alfajiri, niliisukuma pikipiki yangu kwa mkono hapa Mikindani ili matairi yasipate joto la mwendo, nikapima tairi la nyuma kwa mafundi watatu waliopo jirani. Geji ya kwanza ilisoma PSI 22 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo), ya pili 28, ya tatu 33. Kila unapopima, upepo kidogo huvuja, hauongezeki. Kwa hiyo kosa halikuwa kwenye tairi, lilikuwa kwenye geji. Kitabu cha pikipiki hiyo kinataka 28 nikiwa peke yangu na 32 nikiwa na abiria, na kama ningemwamini yule wa tatu, angenipunguzia upepo nami ningemshukuru.

Tairi lenye upepo pungufu hujikunja ubavuni kila linapozunguka, na kujikunja huko ndiko kunakolipasha joto mpaka lipasuke, hasa linapobeba gunia la korosho au abiria kwenye lami ya Mingoyo hadi Masasi saa saba mchana. Vijana wa bodaboda wanaopunguza upepo ili wavuke mchanga wa vijiji vya Newala na Tandahimba hawakosei, kwa sababu tairi laini hutanuka na halizami. Hatari ni kufika barabara kuu na kuendelea hivyo hivyo. Upepo uliozidi nao hulila tairi katikati na kulipunguzia mshiko.

Wenye magari wengi husoma namba iliyo ubavuni mwa tairi, ilhali hiyo ni ya kiwango cha juu ambacho tairi linaweza kustahimili. Namba ya upepo unaofaa gari imo kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au nyuma ya kifuniko cha tangi la mafuta. Magari yetu mengi yametoka Japani, na vibandiko vyake huandikwa kwa kilopaskali, kipimo kingine cha mgandamizo: 220 ni takriban PSI 32, na 240 ni karibu 35. Nimewahi kumwona dereva akikiacha kibandiko hicho kwa sababu tu maandishi yake ni ya Kijapani, wakati tarakimu zinasomeka vizuri kabisa.

Vipimo hivyo vyote ni vya tairi baridi, yaani gari limesimama kwa muda wa saa tatu hivi au halijatembea zaidi ya kilometa mbili. Anayetoka Lindi mjini akapima afikapo Mtwara ataona upepo umepanda, na akiupunguza, kesho asubuhi tairi litakuwa na upungufu.

Wakala wa Vipimo hukagua pampu za mafuta, na msimu wa korosho hukagua mizani ya wakulima. Naiomba izifikie pia geji za upepo, za vituoni na za mafundi wa chini ya miembe. Wakati tukisubiri, kila fundi amuulize mteja namba yake ya upepo kabla ya kufungua kompresa, na mteja awe nayo.

Msomaji wako,
Mikindani, Mtwara