Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kazi za Mabaharia Siku ya Mashindano

Ndugu wanachama,

Msimu umefungwa na mashua zimevutwa nchi kavu. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, na matokeo yalikwisha kubandikwa, kwa hiyo sitayarudia. Nafasi hii naitumia kwa jambo moja ambalo kamati ya mashindano imeliona tangu mwanzo wa msimu hadi mwisho: mashua zetu hazipitwi katikati ya njia, zinapitwa kwenye maboya ya kugeukia. Mashua mbili za aina moja zikibisha kuelekea upepo huachana kwa urefu wa mashua moja au mbili. Spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele la kwenda na upepo, ikikwama boyani, huachana kwa kumi. Na mambo ya boyani ni ya mabaharia wote, si ya mshika usukani peke yake.

Mashua ya mita tisa au kumi inataka watu saba: mtu wa omo (sehemu ya mbele ya mashua), mtu wa mlingoti, mtu wa henza (kamba ya kupandishia tanga), wavuta demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga) wawili wa tanga la mbele, mmoja wa tanga kuu, na mshika usukani. Watu wakipungua, kazi ziunganishwe gatini kabla ya kung'oa. Mgeni apewe kamba moja, aishike kwa mkono wake na aivute mara mbili tatu mashua ikiwa bado imefungwa. Mgeni aliyeambiwa asaidie popote huishia kusimama njiani mwa kila mtu.

Winchi, ile ngoma ya kuvutia kamba, ndiyo inayoumiza vidole, basi isikilizwe. Kamba huzungushwa kufuata mwendo wa saa: mizunguko miwili ikiwa imelegea, wa tatu na wa nne mzigo ukishakuja. Anayeweka minne mapema, kamba humpandana na kujibana, na demani haiachiki tena. Hapo funga kamba nyingine kwenye demani hiyo mbele ya winchi, ivute kwa winchi ya pili mpaka mzigo uhame, ndipo uifungue ya kwanza. Kisu ni cha mwisho kabisa. Unapolegeza, mkono ukae shibiri moja kutoka kwenye ngoma ya winchi.

Katika kubisha, yaani kugeuza omo kupita upepo, demani haiachiwi amri inapotolewa. Inaachiwa ukingo wa mbele wa tanga unapoanza kukunjamana. Ukiiachia mapema, mashua inafika kwenye jicho la upepo bila mwendo. Ukichelewa, tanga linajaa kinyume na kuisukuma omo kupita kiasi. Mvutaji wa upande mpya avute kwa mikono miwili, haraka, na mpini wa winchi aingize pale tu mikono inaposhindwa. Sehemu ndogo ya mwisho asiivute mpaka mashua ipate mwendo wake. Wengine wahamie upande wa joshi, unakotoka upepo, pamoja na mashua, si kabla yake.

Sasa spinaka, ambayo ndiyo imekula muda mwingi wa kamati. Kabla ya kuipakia, anzia kichwani, pitisha mkono ukingo mmoja mpaka chini, kisha ukingo wa pili, ili isibaki na msokoto. Pembe tatu zibaki juu ya mfuko, kila moja ikionekana. Henza ipite nje ya kila kitu, na demani zake zizunguke nje ya nyaya za mlingoti na nje ya reli. Ncha za demani hizi zisipigwe fundo: mashua ikilala kwa upepo mkali, demani lazima iweze kukimbia yote. Wakati wa kupandisha, mtu wa mlingoti avute kwa nguvu zake zote, mwenzake wa henza ameze ulegevu, na tanga lifike juu kabla halijajaa upepo. Likijaa nusu ya njia, kulipandisha ni mateso.

Kushusha kunahitaji uamuzi wa mapema kuliko wengi wanavyopenda. Tanga la mbele lipande kwanza. Henza ya spinaka imwagwe sakafuni kwa mikunjo mirefu, isiviringishwe, maana kiviringo hujifunga fundo kikikimbia. Mkusanyaji aishike demani kwanza mkononi, ndipo henza iachiwe: theluthi ya kwanza haraka, inayobaki kwa kasi ya mikono yake. Ikimzidi, tanga linaingia majini na mashua inasimama kana kwamba imetia nanga.

Kuhusu sheria, tunatumia Kanuni za Mashindano za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, za 2025–2028. Ishara ya kwanza hutolewa dakika tano kabla ya kuanza, kisha ya dakika nne, ya dakika moja, na ya kuanza. Muda huhesabiwa kwa bendera, si kwa honi. Honi isipolia, bendera bado ndiyo hukumu. Mtu mmoja aitazame bendera, mmoja aseme muda, wengine wanyamaze. Eneo la boya, ambamo kanuni za kuzunguka boya hutumika, ni urefu wa mashua tatu. Ukigusa boya, jiadhibu kwa kuizungusha mashua yako mzunguko mmoja kamili. Ukimkosea mwenzako kwenye haki ya njia, mizunguko miwili, na ufanye hivyo mara tu unapopata nafasi. Pingamizi nyingi zilikwama kwa sababu ya kuchelewa: mashua ya mita sita au zaidi hutakiwa kutamka pingamizi na kupandisha bendera nyekundu kwa nafasi ya kwanza inayowezekana.

Usalama sitaupunguza maneno. Kamati inapendekeza jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kutoka gatini, bila kungoja bendera ya Y, inayoamuru jaketi zivaliwe. Mtu akianguka, mmoja amwoneshe kwa kidole bila kumwondolea macho, mwingine atupe boya la kuokolea, na injini isiwashwe kabla ya kuhakikisha hakuna kamba majini. Kumsaidia aliye hatarini ni lazima kwa kila mashua, hata inayoongoza.

Mazoezi yatatangulia shindano la kwanza la msimu ujao, na yatakuwa ya kupandisha na kushusha spinaka kati ya maboya mawili, mfululizo, kila mashua kwa zamu. Manahodha wampe katibu orodha ya mabaharia mapema, kila jina likiwa na kazi yake mbele.

Mwenyekiti