Kwa Wanangu Mnaotangaza Redio za Kikristo Malindi

Wanangu,

Bwana Yesu asifiwe. Ninyi hamnijui, ila mimi nawajua hata mkikohoa. Redio yangu imefungwa kipande cha waya badala ya eriali, na kukipambazuka ndiyo inayoanza kusema hapa nyumbani kabla ya mtu yeyote. Jirani yangu, mama Mwislamu, hukaanga mahamri ya kuuza ng'ambo ya ua wa makuti. Kwa kuwa masikio yangu yamechoka na sauti naifungua mpaka mwisho, naye huwasikia, atake asitake.

Juzi, katika saa ya maombi, mmoja wenu alisema Mungu amemwonyesha mtu wa kutuvusha. Akamtaja jina. Huyo mtu picha zake ziko nyuma ya tuktuk nusu ya mji. Maombi hayajapoa, ukaingia wimbo wa sifa, na baada ya wimbo tangazo la harambee: mgeni rasmi ni yuleyule. Mama wa mahamri akaniita kutoka kwake, "Baba, kumbe Mungu wenu keshapiga kura?" Nilicheka. Kisha chai ikanishinda.

Sina neno na redio kuzungumzia serikali. Bei ya unga, maji ya mfereji, hatimiliki za mashamba, yazungumzeni. Lakini siasa ni jambo la kubishaniwa. Mtu akiniambia atatia lami mpaka mlangoni kwangu, nina haki ya kumwuliza fedha atazitoa wapi, na mbona mara ya kwanza alituahidi vivyo hivyo. Ukishatanguliza "Bwana asema", umenifunga mdomo. Nikibisha hapo nabishana na nani?

Na sisi wa Malindi si wa kufundishwa hili na mgeni. Aprili 2023 makaburi ya waumini, wengi wao waliofunga kula hadi kufa, yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, na miili iliyotolewa ikapita 400. Ndugu zao walikuja kutoka pembe zote za nchi, wakakaa nje ya chumba cha maiti, wengine na picha mkononi. Mhubiri anayeshtakiwa alikuwa na kanisa hapa mjini, na mahubiri yake yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni na intaneti. Mahakama ina kazi yake, siiingilii. Wala msinirukie mkasema nalinganisha kura na maiti. Nasema tu kwamba tumeishi mlangoni pa mahali ambapo sauti ilitoka kwenye spika kwa jina la Mungu, na ndani ya nyumba hapakuwa na wa kuuliza swali.

Marekani waliyaona mapema. Padre Charles Coughlin, karibu na Detroit, alianza kuhubiri redioni mwaka 1926, na vipindi vyake vya mwanzo vilikuwa vya watoto. Miaka ya 1930 alikuwa akisikilizwa na mamilioni, na vipindi vimekuwa vya siasa: leo anamsifu Rais Roosevelt, kesho anamlaani, mwisho akaangukia kuwachukia Wayahudi waziwazi. Askofu wake alimnyamazisha mwaka 1942. Sidhani siku ile ya kwanza, akiwahubiria watoto, alijua anakokwenda.

Najua mtakalonijibu. Mtaniuliza, na Askofu Muge je? Na Okullu, na Gitari, na Ndingi, maaskofu waliopinga kura ya mlolongo ya 1988, ile ya kupanga foleni hadharani? Nawakumbuka vizuri kuliko ninyi, mlikuwa hamjazaliwa. Hao walimkemea mwenye nguvu, kama Nathani alivyomwendea Daudi. Hawakumnadi mtu. Na malipo yao hayakuja kwa bahasha: nyumba ya Gitari ilivamiwa usiku mwaka 1989. Basi atakayejilinganisha nao atuonyeshe kwanza alichopoteza.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka 1992 nilikuwa mzee wa kanisa. Mgombea mmoja alituletea mabati arobaini, nasi tukampa mimbari dakika ishirini katikati ya ibada, kabla ya sadaka. Mimi ndiye niliyemkaribisha, na nilisema maneno ambayo hata leo siwezi kuyarudia mbele ya wajukuu. Familia mbili za chama kingine ziliinuka, zikatoka na watoto wao. Hazikurudi. Mabati yangalipo, yameshika kutu upande wa bahari, na mvua ikinyesha yanapiga kelele hata mhubiri hasikiki.

Kwa hiyo niliposikia Novemba 2024 kwamba Jimbo Kuu la Nairobi limetangaza kurudisha fedha alizotoa Rais Ruto kanisani, nilikaa kimya kwa muda. Kumbe zinarudishika!

Najua pia umeme wa kituo haulipwi kwa Amina. Anayetaka muda wa hewani na auziwe. Ila semeni, kabla na baada: hili ni tangazo la siasa, limelipiwa na fulani. Lisiwekwe ndani ya maombi wala katikati ya nyimbo. Mkimwita mmoja studio, waiteni na wapinzani wake, muwape dakika zilezile, na simu ziwe wazi. Na mtangazaji ambaye ameonja utamu akataka kiti mwenyewe, aage, aondoke kwenye maikrofoni sasa, asingoje uchaguzi wa Agosti 2027 ukaribie huku akitujengea jina lake kwa zaburi.

Namba ya kituo mnaitaja kila nusu saa. Nimeiandika kwa mkaa ukutani, kando ya kalenda. Akitajwa mtu tena katika saa ya maombi nitapiga, nami nitakuwa na maswali matatu. Mama wa mahamri anasema analo la nne. Tafadhali msitukatie simu.

Mzee wenu,
Muyeye, Malindi