Kamera Haina Tumbo

Kisumu,
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Chebet,

Salamu nyingi kutoka Manyatta. Sisi hatujambo, mvua tu ndiyo imetuchosha. Stima imepotea tangu saa kumi, kwa hiyo ukiona mwandiko wangu unapanda mlima, jua ni tochi ya simu.

Kwanza mwambie Chebet nimefurahi sana kusikia plasta imetolewa. Picha ya miguu yake nimeiona, mmoja umekonda kama mwiko kando ya mwenzake. Asiogope, utajaa. Akinyi anauliza kama ile plasta mliitunza, maana aliandika jina lake juu yake na anaona ni mali yake pia.

Sasa tuje kwa karatasi yako. Nimeisoma mara tatu. Unataka nisaini, na niwatafutie akina mama wa kikundi chetu nao wasaini, kwamba tunaunga mkono kamera ziwekwe kwenye taa na makutano, faini zije kwa simu, na kazi yote apewe mwekezaji kwa sababu askari wa trafiki wameshindwa. Halafu pembeni ukaandika kwa kalamu yako: "Kamera haina tumbo." Nilicheka. Baadaye, nikiosha vyombo, kicheko kikaisha.

Yule wa pikapu aliyemgonga mtoto kwenye kivuko akakanyaga mafuta na kutoroka, kamera ingemshika nambari. Hilo sitalipinga hata kidogo, wala sitaki uone kwamba nalizunguka. Ningekuwa mimi, na mguu ungekuwa wa Akinyi, karatasi kama hii ningeiandika kwa wino mwekundu.

Na kuhusu askari, mimi ndiye wa mwisho kuwatetea. Jumanne iliyopita nilipanda Probox yangu na dereva, tunapeleka samaki upande wa Busia. Nilikaa mbele. Kabla sijaona kizuizi, dereva alishapunguza mwendo. Mkono mmoja ulibaki kwenye usukani, mwingine ukaingia mfuko wa shati na kutoka na noti ya mia iliyokunjwa mpaka ikawa ndogo kama tembe ya dawa. Akateremsha kioo, akamsalimia askari kwa mkono, "Habari ya kazi, afande." Salamu ilipoisha noti haikuwepo. Hakuna aliyetaja pesa. Afande aliangalia mbele, akaangalia mawingu, akatupungia twende. Hakuangalia tairi la nyuma la kushoto, ambalo mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilijua limebaki kipara na nilikuwa nimesema nitalibadilisha mwisho wa mwezi. (Nimelibadilisha juzi. Usinipigie simu.)

Nilifikiria ile mia njia nzima. Afande anapata riziki kutokana na makosa yangu. Siku ambayo magari yote yatakuwa na tairi nzuri na madereva wote wakaenda polepole, atarudi nyumbani mikono mitupu. Kwa nini basi atake tairi langu libadilishwe? Sasa chukua mwekezaji, mpe kamera, umwambie fungu lako litatoka kwenye kila faini. Umembadilisha nani? Kamera haina tumbo, kweli. Lakini mwenye kamera analo, na tumbo la kampuni haliwezi kujazwa na mia mia.

Unamkumbuka binamu yangu aliyeolewa Marekani, yule aliyetuletea sabuni zenye harufu ya ndizi? Anakaa karibu na Chicago. Mwaka jana alipata bahasha, ndani kuna picha ya gari lake, tarehe, saa, na anwani ya kuangalia video yake mwenyewe. Aliiangalia na watoto wake. Gari linafika kwenye taa nyekundu, linapunguza mwendo kabisa, linakata kulia taratibu bila kusimama. Kule kukata kulia penye taa nyekundu mara nyingi kunaruhusiwa, ila ni lazima magurudumu yasimame kwanza. Yake hayakusimama. Dola 100. Alilipa, na hasemi alionewa. Ila baada ya hapo akaanza kusoma habari za kamera hizo, na kila akisoma ananipigia.

Chicago walianza kuweka kamera za taa nyekundu mwaka 2003. Kampuni iliyopewa kazi ilikuwa Redflex, mizizi yake Australia. Ikaja kujulikana kwamba John Bills, afisa wa idara ya uchukuzi ya jiji hilo aliyesimamia mpango, alikuwa akihongwa na watu wa kampuni. Pesa taslimu, safari, nyumba Arizona, hata gari. Mwaka 2016 akahukumiwa miaka 10 jela, na bosi wa zamani wa kampuni hiyo kule Marekani akapewa miezi 30. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulilipa jiji dola milioni 20. Mama Chebet, hiyo ni ile noti yetu ya mia, imekunjuliwa tu ikawa mkataba. Kamera haikupokea kitu. Waliopokea walikuwa nyuma yake, ofisini, ambako mimi na wewe hatufiki na kioo cha gari hakiteremshwi.

Kuna jambo jingine la Chicago ambalo lilinisumbua zaidi ya hongo. Taa ya manjano. Pale sheria yao ilikuwa isipungue sekunde 3. Jiji lilipobadilisha kampuni, mwaka 2014, kipimo nacho kikalegezwa kimyakimya, hata picha zenye manjano ya sekunde 2.9 zikaanza kukubaliwa. Mkaguzi wa jiji akahesabu. Faini karibu 77,000, dola milioni 7.7, kutokana na sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jaribu kupepesa jicho, ndiyo hiyo. Hakuna dereva duniani anayeweza kusimama mbele ya hakimu akasema, mheshimiwa, manjano ilikuwa fupi. Ataonekana mwendawazimu. Na askari wa barabarani angalau ukimtazama usoni anajua unajua.

Haya, nisije nikakuficha upande wa pili. Serikali ya Marekani ilitoa utafiti mwaka 2005 kuhusu miji saba yenye kamera hizo. Ajali za gari kuingia ubavuni mwa jingine, zile mbaya, zilipungua kama asilimia 25. Za kugongwa kutoka nyuma ziliongezeka kama asilimia 15, kwa sababu watu walikuwa wanafunga breki ghafla wakiona manjano. Mimi nikipewa nichague, nachagua kugongwa nyuma. Kwa hiyo kamera inafanya kazi. Sisemi haifanyi. Texas walizipiga marufuku mwaka 2019, na kwangu mimi hapo walitupa mtoto pamoja na nepi. Na hata marufuku ilipokuja, baadhi ya miji iliachwa iendelee nazo mpaka mikataba yake iishe. Mkataba ulikuwa umeshaizidi sheria umri. Hapo ndipo ninapoogopa tukisaini kwa hasira.

Nikuchekeshe kidogo. Kamera za kunasa mwendo wa kasi chanzo chake ni Mholanzi mmoja, Maurice Gatsonides, dereva wa rali aliyeshinda Monte Carlo mwaka 1953. Alitengeneza kifaa cha kupima mwendo wake akikata kona ili aende kasi zaidi. Kasi zaidi! Mwambie Baba Chebet, ambaye kila mwaka anatoroka kazini kwenda Naivasha kuangalia Safari Rally akarudi mweupe kwa vumbi, kwamba hao ndio mababu wa kamera unazozitaka.

Rudi kwetu. Umewahi kukaa kwenye makutano Nairobi saa kumi na moja jioni? Taa nyekundu inawaka, askari amesimama chini yake anakupungia mkono pita, pita, unangoja nini. Ukisimama anakufokea. Ukipita, kamera imekupiga picha. Kanuni za faini za papo kwa papo za mwaka 2016 zinasema kutotii ishara ya barabarani ni shilingi 3,000. Dereva wangu ananiletea hesabu ya siku, na siku za mvua hata 3,000 hiyo haifiki. Nani analipa? Kamera haioni dereva, inaona nambari. Nambari ni yangu. Yeye atasema, mama, ni askari aliniambia nipite, na mimi nitamwamini au sitamwamini, lakini pesa itatoka kwa samaki wangu.

Tena mimi nina bahati, logibuku, ile hati ya mwenye gari, ina jina langu. Probox hiyo ilikaa karibu miaka miwili kwa jina la mzee aliyeniuzia, kwa uzembe wangu na wake. Fikiria ujumbe wa faini ungekuwa unamfikia mzee wa watu shambani kwake, gari aliliaga zamani, na mimi niko Busia nacheka na wateja. Magari ya namna hiyo hapa mtaani kwetu ni mangapi? Hesabu yale yanayoegeshwa nje ya kanisa tu.

Lakini linaloniuma hasa ni hili. Mwekezaji anayelipwa kwa kila kichwa ataweka kamera penye vichwa vingi, na hapo si lazima pawe penye makaburi. Mwezi wa Agosti 2025 basi la watu waliotoka mazishini lilianguka hapa Kisumu pale raundabauti ya Coptic, watu zaidi ya 20 wakafa. Nilipita siku mbili baadaye. Kulikuwa na leso ya kijani imenasa kwenye nyasi za mtaro na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuiokota. Pale hapana taa ya kuvunja. Londiani, Juni 2023, trela iliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara wakiuza na kusubiri magari, 52 wakafa. Wao walivuka taa gani? Na ninyi wa Nakuru mnaijua ile barabara ya Salgaa kuliko mimi. Baada ya ile ajali ya Migaa, hapo hapo karibu, mkesha wa mwaka mpya wa 2018, iliyoua watu 36, kilichofanyika ni kuzitenganisha pande mbili za barabara ili wanaoshuka wasikutane uso kwa uso na wanaopanda. Ukuta. Hakuna mtu anayepata asilimia kwa ukuta, ndiyo maana ulichelewa vile.

Na kile kivuko cha Chebet, uliniambia mwenyewe, mistari ilishafutika na tuta liliondolewa walipoweka lami mpya. Karatasi yako haitaji tuta. Nimelitafuta hilo neno mara tatu.

Nimesaini. Usifikiri nimekataa. Ila kabla ya sahihi yangu nimeongeza mistari miwili kwa mkono. Wa kwanza unasema kampuni ilipwe ada ileile kila mwezi kwa kutunza mitambo, wakamatwe watu elfu au asikamatwe hata mmoja, na faini zote ziingie serikalini. Wa pili unasema tuta lirudishwe na mistari ipakwe kwenye kivuko kabla ya kamera yoyote kufungwa hapo. Mama wa mboga na yule fundi cherehani wamesaini chini yangu. Mwenyekiti wetu amekataa, anasema asisaini kitu kilichoandikwa juu kwa kalamu, kinaonekana kama deni la dukani. Kama na wenzako wa Nakuru wanaona nimeichafua, piga chapa nyingine yenye mistari hiyo, nirudishie nianze upya kukusanya sahihi. Kama hawaitaki mistari yenyewe, basi futa jina langu, na tutaongea nikija.

Omena nimempa dereva wa nisani ya saa moja asubuhi, kilo mbili, mfuko wa bluu uliofungwa kwa kamba ya manila. Mpokee mwenyewe stendi, safari iliyopita ule mfuko ulifika umepungua. Chebet ale na vichwa vyake.

Wako,
Mama Akinyi