Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mjadala wa Mabondia Vijana wa Uzito wa Juu, 2025

Ndugu wanachama,

Katiba ya chama chetu cha wapenzi wa ngumi hapa Dodoma inamtaka Mwenyekiti atoe taarifa ya kazi za mwaka mbele ya Mkutano Mkuu. Kwa mwaka 2025, kazi iliyochukua muda wetu mwingi kuliko nyingine zote, na iliyotugombanisha kuliko nyingine zote, ni mjadala wa kumtafuta bondia kijana wa uzito wa juu anayetia matumaini kuliko wenzake duniani. Hesabu za fedha zimo katika taarifa ya Mweka Hazina ambayo mmekwisha kugawiwa, nami sitazigusa isipokuwa pale zinapohusiana na mjadala huo.

Tulianza kwa kuweka mipaka, kwa sababu mwaka uliotangulia kila mtu alikuwa akitaja jina analolipenda bila kujali umri wala uzito. Kwa ngumi za kulipwa, uzito wa juu ni wa bondia aliyezidi pauni 200, yaani takriban kilo 90.7. Kuhusu umri, Kamati Tendaji ilipendekeza kwamba asijadiliwe bondia aliyevuka miaka 26, na pendekezo hilo lilipita baada ya mabishano marefu. Liliwatoa nje Waingereza Daniel Dubois, aliyezaliwa 1997, na Fabio Wardley, aliyezaliwa 1994, na lilimtoa pia Bakhodir Jalolov wa Uzbekistan, ambaye pamoja na medali zake mbili za dhahabu za Olimpiki, za Tokyo na Paris, ni mtu mzima wa zaidi ya miaka 30. Wazee wetu walilalamika kwamba katika uzito huu mtu hukomaa akiwa amechelewa, na kwamba bingwa wa Ukraine, Oleksandr Usyk, alimpiga Dubois kwa KO, yaani kumwangusha asiweze kuendelea, Julai 2025 akiwa na miaka 38. Hoja yao ni ya kweli, lakini tulikuwa tunatafuta kijana, si bingwa.

Jina lililotawala lilikuwa la Moses Itauma, Mwingereza aliyezaliwa Slovakia tarehe 28 Desemba 2004 kwa baba Mnigeria na mama Mslovakia, akakulia Chatham, katika jimbo la Kent. Baadhi ya wanachama walisema huyu ni wa kwetu kwa upande wa baba. Katibu aliagizwa kuiandika hoja hiyo kwenye kumbukumbu na kutoihesabu kama kigezo. Itauma alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika ngumi za ridhaa mwaka 2022, akaingia ngumi za kulipwa Januari 2023, na kwa muda mrefu alisema wazi kwamba anataka kuivunja rekodi ya Mike Tyson, aliyetwaa ubingwa wa dunia tarehe 22 Novemba 1986 akiwa na miaka 20 na miezi minne. Nafasi hiyo ilipita Mei 2025 bila Itauma kupewa pambano la ubingwa. Binafsi naona ilikuwa heri kwake, maana kijana anayekimbizana na kalenda ya mtu mwingine huishia kukubali pambano ambalo mwili wake haujawa tayari nalo.

Tarehe 16 Agosti alipigana na Mwingereza mwenzake Dillian Whyte mjini Riyadh. Saa za Riyadh ni sawa na zetu, kwa hiyo mahudhurio yalikuwa makubwa kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka, tukalazimika kuazima viti vya plastiki kwa jirani. Pambano lilikwisha ikiwa bado sekunde moja kutimia dakika mbili za raundi ya kwanza. Whyte aliwekwa kwenye kamba, akamwagiwa makonde mfululizo, akaanguka. Alipoinuka miguu ilikuwa haimtii tena na mwamuzi akamaliza. Mwanachama mmoja alidai palepale arudishiwe mchango wake wa kulipia king'amuzi kwa maelezo kwamba hakuona ngumi. Kamati ilikataa dai hilo, na naomba Mkutano uubariki uamuzi huo.

Usiku ule ungeweza kuumaliza mjadala, na wengi walidhani umeumaliza, lakini kwa maoni yangu hapo ndipo ulipoanza. Kwa mashabiki wake, ushindi wa raundi moja ni ushahidi wa kutosha. Mimi naona ni ushahidi wa kitu kimoja tu, kwamba Itauma ana kasi ya mikono na utulivu wa kuchagua wapi pa kupiga ambavyo ni adimu kwa mtu wa uzito ule, na kwamba kwa kuwa ni mashoto, makonde yake yanatoka pembe ambazo wengi hawajazizoea. Whyte alikuwa na miaka 37 na vita vingi mwilini. Demsey McKean, aliyeondolewa na Itauma katika raundi ya kwanza Desemba 2024, alikuwa na miaka 34. Hadi usiku ule wa Riyadh, katika mapambano 13, Itauma alikuwa hajawahi kuvuka raundi ya sita. Hatujui atakavyokuwa katika raundi ya tisa akiwa amechoka, amechanika juu ya jicho, na mpinzani bado amesimama mbele yake.

Kwa sababu hiyo tulibadili utaratibu wa mjadala katikati ya mwaka. Katibu alichora ubao wa chaki wenye safu za umri wa bondia, umri wa mpinzani wake bora, raundi ndefu zaidi aliyofika, na safu ya mwisho iliyoleta kelele nyingi: je, amewahi kuanguka akainuka akashinda? Safu hiyo tuliipata kwa Dubois, ingawa yeye mwenyewe hakuwa na sifa ya kujadiliwa. Desemba 2022 aliangushwa mara tatu na Kevin Lerena katika raundi ya kwanza, akamaliza kazi katika raundi ya tatu; chini ya miaka miwili baadaye alimtwanga Anthony Joshua kwa KO uwanjani Wembley.

Justis Huni wa Australia ndiye aliyefaidika na ubao ule, jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote. Juni 7 alikwenda Ipswich kupigana na Wardley nyumbani kwake, tena uwanjani Portman Road, na kwa raundi tisa alimfundisha ngumi. Aliongoza kwenye kadi za majaji, alipiga na kuondoka, na waliokuwa wakimshabikia Wardley hapa ukumbini walikuwa wameshaanza kuaga. Katika raundi ya kumi konde moja la kulia lilimlaza. Wapo waliomfuta ubaoni usiku uleule. Nilipinga, na bado napinga: kijana wa miaka 26 aliyeweza kumzidi kwa ufundi kwa raundi tisa mtu ambaye Oktoba alimsimamisha Joseph Parker katika raundi ya 11, na ambaye kabla ya mwaka kwisha alitambuliwa na WBO, moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, kuwa bingwa baada ya Usyk kuuachia mkanda huo, hawezi kuwekwa kundi moja na waliopotea.

Wanaosema kipigo kimoja kinamaliza ahadi ya kijana nawakumbusha habari ya Wladimir Klitschko. Desemba 1998, akiwa na miaka 22 na medali ya dhahabu ya Olimpiki, alijichosha kwa kumpiga Ross Puritty mbele ya watu wake mjini Kiev, akasimamishwa katika raundi ya 11. Puritty alikuwa ameshapoteza mapambano 13. Huyohuyo Klitschko baadaye alishika ubingwa mfululizo kuanzia 2006 hadi 2015.

Jared Anderson wa Marekani alipata watetezi wachache. Agosti 2024 alipelekwa kwa Martin Bakole wa Kongo akiwa na miaka 24, akaanguka raundi ya kwanza, na akaokolewa na mwamuzi katika raundi ya tano. Tofauti yake na Huni ni kwamba hakuna raundi hata moja ambayo alionekana kuipata. Johnny Fisher alijadiliwa kwa muda mfupi na kuondolewa baada ya kupigwa na Dave Allen mwezi Mei.

Richard Torrez, Mmarekani mshindi wa medali ya fedha ya Olimpiki ya Tokyo, aligawa ukumbi. Ni mfupi kwa uzito wake, anaingia kwa nguvu na hukumbatia sana, na ngumi zake hazipendezi macho. Hata hivyo Aprili alikwenda raundi zote kumi na Guido Vianello akashinda kwa pointi, kwa hiyo ubao ulimpa alama ambayo Itauma hakuwa nayo. Waliompigia kura walikuwa wachache, lakini ndio waliojenga hoja kwa mpangilio mzuri kuliko wote.

Kura zilimpa Itauma nafasi ya kwanza, Huni ya pili na Torrez ya tatu. Nami nilimpigia Itauma, pamoja na yote niliyoyasema, kwa kuwa umri wake unampa muda wa kujibu maswali ambayo wenzake wameshayajibu vibaya. Niliomba tu iandikwe kwenye kumbukumbu kwamba nafasi hiyo ni ya muda, na ombi hilo lilikubaliwa.

Wanachama vijana waliuliza kwa nini ubao wetu hauna Mtanzania. Medali za shaba za Jumuiya ya Madola mjini Birmingham mwaka 2022 zililetwa na Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike, na Hassan Mwakinyo alijipatia jina Uingereza mwaka 2018 kwa kumsimamisha Sam Eggington. Wote watatu ni wa uzito wa chini ya huu. Kijana mwenye kilo 95 akiingia jimu hapa kwetu hujikuta anafanya mazoezi na watu wa kilo 70, ambao anawaonea huruma au wanamkimbia, na kwa vyovyote hajifunzi kupokea konde la mtu wa ukubwa wake. Kamati inapendekeza sehemu ya akiba ya mwaka huu igharamie nauli za treni kwa vijana wazito wa Dodoma waende kufanya mazoezi Morogoro na Dar es Salaam, na wa huko waje kwetu. Kiasi kamili kitajadiliwa chini ya ajenda ya bajeti.

Mwisho, mwenye ukumbi tuliokuwa tukiutumia alipandisha kodi bila taarifa na kutufungia mlango usiku wa pambano la Wardley na Parker. Tumehamia Chang'ombe kwa muda. Wanachama wenye sehemu yenye nafasi kubwa na umeme wa uhakika wamwone Katibu baada ya kikao.

Naomba kuwasilisha.