Maghala ya barafu ya Alaska nayo yahesabiwe

Mhariri,

Tukitaja friza, wengi wetu hufikiria umeme na bili yake. Lakini kaskazini mwa Alaska, Wainupiat, wenyeji wa asili wa huko, wamehifadhi nyama ya nyangumi kwa vizazi vingi katika maghala yaliyochimbwa ndani ya ardhi iliyoganda, yaitwayo siġluaq. Mtu hufunua mfuniko wa mbao, akashuka kwa ngazi mita kadhaa, akakuta chumba chenye kuta zilizotanda sakitu nyeupe. Kabla ya msimu wa kuwinda, familia husafisha ghala na kutandaza theluji mpya, kwa imani kwamba nyangumi hujitoa kwa mwenye ghala safi.

Katika miji kama Utqiaġvik na Point Hope, baadhi ya maghala hayo sasa yameingia maji na nyama imeharibika. Joto la dunia linalaumiwa, na ni haki, ingawa ujenzi na mmomonyoko wa pwani navyo vimechangia. Friza ya dukani (anayeipendekeza hajamwona nyangumi wa makumi ya tani) haiwezi kuchukua nafasi ya ghala hilo. Wanaojadili fidia za tabianchi waiingize hasara hii katika hesabu zao.

Msomaji wako,
Dodoma