Barua ya malalamiko: mkanda wa darubini usiojua kunyamaza

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MKANDA WA KIFUANI WA KUBEBEA DARUBINI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu mkanda wa kifuani wenye mfuko wa darubini, ule mnaoutangaza kwamba hauchoshi shingo na haupigi kelele. Kuhusu shingo mmesema kweli. Kuhusu kelele hamkusema kweli, na kwa mtu anayewinda kelele ndiyo yenye uzito kuliko shingo. Naomba kurudishiwa fedha zangu zote. Nilishawaandikia kuhusu jambo hili na mkanijibu kwa sentensi moja, kwamba nikaze mikanda. Safari hii naomba mnisome hadi mwisho.

Darubini yangu ni ya 10x42, yaani inakuza mara 10 na lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42. Za kipimo hicho nyingi huwa na uzito wa kati ya gramu 600 na 900. Mkononi si kitu. Ikining'inia kutwa nzima kwenye ule ugwe mwembamba unaokuja nayo kiwandani, inakata shingo, na kila ukiinama inayumba mbele na kugonga bunduki. Wapo wanaopitisha ugwe begani na kuuteremsha chini ya kwapa la upande wa pili. Hiyo inafaa ukiwa umekaa unavizia, ila ukianza kutambaa darubini inateleza hadi tumboni na kuburuzwa kwenye majani. Kwa hiyo mkanda wa mabega mawili, unaopishana mgongoni na kuishika darubini kifuani, ni mpango mzuri: uzito unagawanyika, shingo inapumzika, na darubini haiyumbi. Mpango huo sina ugomvi nao. Nagombana na jinsi mlivyoushona.

Kifuniko cha mfuko kwanza. Kwenye picha zenu kinafungwa kwa sumaku peke yake. Uliofika mikononi mwangu una sumaku mbili pembeni na kipande kipana cha velkro katikati. Velkro ikibanduliwa inalia kama kitambaa kinachochanwa. Ndani ya nyumba, redio ikiongea, hata huisikii. Alfajiri porini, upepo umetulia, inasikika mbali. Nilikuwa namnyatia dume mmoja aliyekuwa ameinamisha kichwa anakula, nikataka kumkagua vizuri kabla ya kusogea tena. Nikashika pembe ya kifuniko, nikavuta polepole kadiri nilivyoweza. Polepole haikusaidia, ilirefusha mlio tu. Masikio yake yaligeuka kwanza, kichwa kikafuata, na nilipofikisha darubini machoni nilikuwa naangalia vichaka vinavyotikisika.

Mtaniambia hilo ni la bahati, windo hukimbia hata bila velkro. Sawa. Lakini kuna jambo ambalo kampuni inayouzia wawindaji ilipaswa kulifikiria kabla ya mshono wa kwanza. Darubini ndiyo inayomwezesha mtu kutambua anachokiona bila kukielekezea mtutu. Mkiifanya iwe ngumu kutoka mfukoni, au iwe na kelele, mnamtia mtu kishawishi cha kuiacha humo humo na kuchungulia kwa darubini ndogo iliyo juu ya bunduki. Hapo tayari bunduki imeelekezwa kwenye kitu ambacho hakijatambuliwa, na kitu hicho kinaweza kuwa mwindaji mwenzake. Hata anayeanza leo hufundishwa asifanye hivyo.

Sumaku nazo zina lake. Mfuko unakaa kifuani, na kifuani ndipo mtu anaposhikia dira anapotaka kusoma mwelekeo. Nikiisogeza dira yangu karibu na kifuniko, sindano inahama mbele ya macho yangu. Sumaku ikikaa karibu sana na dira kwa muda mrefu inaweza hata kuiharibu sindano yenyewe, ikawa inaonyesha kusini mahali pa kaskazini. Sisemi mwache sumaku, maana zikitengenezwa vizuri ni kimya kuliko vifungo vyote. Lakini kwenye karatasi ya maelekezo hakuna hata neno moja la kutahadharisha. Nafasi ya kuchora nembo yenu mara tatu ilipatikana.

Sasa ule ushauri wa kukaza. Bizimu la kurekebishia urefu mmeliweka mbele, chini kidogo ya mfupa wa mtulinga, mahali hasa kinapokaa kitako cha bunduki. Bunduki ikipiga teke, bizimu hilo la plastiki ngumu linaingia nyamani. Picha ya alama iliyobaki begani kwangu nimeiambatanisha. Nikikaza mikanda, bizimu linapanda juu zaidi na kifua kinabanwa nikianza kupanda mlima. Nikiilegeza, mfuko unadunda kila hatua, kwa sababu mikanda mmeifanya ya lastiki tupu kutoka begani hadi ubavuni. Lastiki hiyo ikilowa umande inalegea zaidi. Mngeshona utepe usionyumbuka, mkabakiza kipande kifupi cha lastiki mgongoni, na bizimu mkalishusha ubavuni chini ya kwapa, nisingekuwa na sababu ya kuwaandikia.

La mwisho ni dogo, nalitaja kwa kuwa lilinikera. Upande wa mfuko unaogusa mwili umewekwa sponji nzito isiyopitisha hewa. Ukitoka jasho, unyevu unapanda ndani ya mfuko, na asubuhi ya baridi lenzi za jichoni zinatoka na ukungu. Mtu anabaki kupangusa wakati anapaswa kutazama.

Ninachotaka ni haya. Nirudishiwe fedha zote, na gharama ya kuurudisha mkanda muibebe nyinyi. Sitaki kubadilishiwa na mwingine wa aina ileile, kwani tatizo si mshono mmoja uliofumuka. Maneno "haupigi kelele" yaondolewe kwenye tangazo hadi velkro itakapoondolewa kwenye mfuko, na picha ziwe za bidhaa mnayoiuza kweli. Tena tahadhari kuhusu dira iandikwe kwenye maelekezo, kwa herufi zinazosomeka.

Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi, picha za kifuniko na bizimu, na rekodi fupi ya sauti ya velkro ikifunguliwa. Mwenye kuandika matangazo yenu aisikilize pia, akiwa mahali patulivu.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Nisipolipata, nitaipeleka pamoja na viambatanisho vyake kwa mamlaka inayosimamia haki za walaji.

Wenu,

Mteja (jina na namba ya oda vipo kwenye stakabadhi)