Mdogo wangu, tarehe ya mtihani hupangwa hivi

Mdogo wangu,

Ujumbe wako niliuona Jumapili nikitoka kanisani. "Kaka, tarehe ya mtihani wa kamati inapangwaje?" Basi. Hukunisalimu, wala hukuuliza habari za watoto. Miaka sita ya kimya, halafu maneno saba. Nimeyasoma mara nyingi kuliko ile barua ya kukubaliwa chuo.

Nilianza kukujibu kwenye simu, nikafuta mara nne. Naandika hapa kwa sababu Mama ameniambia unapita hapa kila ninapoweka kitu.

Nianze na ulichouliza, ule mtihani wa uzamivu ambao kamati ya maprofesa hukuhoji kabla ya kukuruhusu uendelee na tasnifu. Usikae ukisubiri kamati ikutafutie siku, mara nyingi haifanyi hivyo. Maprofesa wengi wa huku Marekani mkataba wao ni wa miezi tisa, kwa hiyo kuanzia katikati ya Mei kuna ambao huwapati tena mpaka mwisho wa Agosti. Mwingine yuko likizo ya utafiti. Mwingine ana watoto wadogo, ikifika saa tisa alasiri ameshaondoka. Anza kuisaka tarehe miezi mitatu kabla. Mwendee kwanza yule mwenye ratiba ngumu kuliko wote, akutajie siku zake, ndipo uwapelekee wenzake siku hizo hizo. Ukishaipata, kamata chumba siku ileile. Mtihani wa mdomo huchukua kama saa mbili, lakini wewe omba saa tatu, maana mwishoni watakutoa nje wajadiliane, na hutaki mtu mwingine abishe hodi hapo katikati. Fomu ya ofisi ya masomo ya juu nayo ina siku yake ya mwisho, huwa ni wiki kadhaa kabla. Ipeleke kwa mkono wako, usimwachie msimamizi.

Wewe ni mtu wa maabara, hutapewa milima ya vitabu kama mimi wa historia. Mimi nilikuwa na nyanja tatu, kila moja na orodha yake, nikaandika siku tatu kisha nikaitwa kuhojiwa. Wewe utaandika pendekezo la utafiti ulitetee mbele yao. Lakini chumba ni kilekile. Watakuuliza mpaka wakufikishe usipojua, na hapo ndipo wanapotaka kukuona. Sema hujui, halafu waambie ungeanzia wapi kutafuta. Sisi tulilelewa kunyamaza mbele ya wakubwa kama hatuna hakika. Huku ukinyamaza wanaandika kwamba huna kitu. Kwa hiyo nenda ofisini kwa kila mmoja kabla ya siku, umuulize angependa uwe umeyashika mambo gani. Wengi watakuambia wazi. Na waombe wenzako wawili watatu wakuweke kitimoto jioni moja, wakubane kwelikweli.

Ukifeli, vyuo vingi hukupa nafasi ya pili, na ni hiyo moja tu. Ukiikosa, unatolewa kwenye programu, na sisi wenye viza ya F-1 tukitolewa kwenye programu hatuna tena sababu ya kuwa nchini. Hilo ndilo nilijaribu kuwaeleza mwaka ule. Baba mdogo akaniuliza, "Kwani mtihani si unarudiwa?" Sikumlaumu. Wale aliowafahamu waliosomea uzamivu Dar es Salaam waliandika tasnifu tu, hakuna aliyewahi kumsimulia mtihani wa namna hii. Lakini wewe nilitegemea utanielewa. Wewe ndiye niliyekuwa nakupigia usiku nikisema nasahau hata majina ya watu niliowasoma asubuhi yake. Ukawa unaniambia, "Kaka, lala." Sasa na wewe umefika hapo, nadhani unajua nilikuwa nasemea nini.

Ile Ijumaa ya Novemba niliingia saa nne asubuhi. Saa za huku zilikuwa zimerudishwa nyuma siku chache kabla, tukawa tumepishana na Moshi saa nane. Kwenu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, najua wageni walikuwa wanaanza kuingia ukumbini. Nilivaa suti niliyoinunua kwa ajili ya sendofu yako, ile sherehe ya kukuaga kabla ya harusi. Sikuwa na nyingine.

Profesa mmoja akaniuliza juu ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi mwezi Machi mwaka 1900, na mjukuu wake aliyetumia miaka mingi kulitafuta fuvu linaloaminika lilipelekwa Ujerumani. Alitaka kujua mwanahistoria afanye nini na kumbukumbu inayobebwa na familia. Nilijibu vizuri sana. Niliongea kama dakika kumi juu ya deni la ndugu kwa ndugu, wote wakawa wanaandika.

Saa sita mchana wakaniita ndani, wakanipa mkono. Nikatoka mbio hadi kwenye ngazi, nikampigia Baba mdogo kwa video. Kwenu saa mbili usiku. Alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho Baba, Mungu amrehemu, angekaa, na ambacho mimi nilitakiwa kukaa. Akainuka, akakuletea simu pale meza kuu. Nilikuona. Ulikuwa umependeza, mdogo wangu, na kile kilemba cha kijani. Nikasema, "Nimefaulu." Ukaniangalia. Halafu ukaichukua simu mkononi mwa Baba mdogo, ukailaza kifudifudi pembeni ya sinia la ndafu. Nikabaki na giza na muziki. Nilikaa kwenye ngazi zile nikisikiliza MC akiwaita wajomba, mpaka mtu akakata.

Hilo sijalisahau. Ukweli ni kwamba sijakusamehe, ingawa nimeungama kanisani kwamba nimesamehe. Ungenifokea. Ungekata simu. Kunilaza kifudifudi mbele ya ukoo mzima, hapana.

Na mimi je? Niliwaambia chuo kimekataa kusogeza tarehe. Nilimwambia Mama, nikakiambia na kikao cha kamati ya harusi pale nilipotuma mchango wangu. Hata leo nikiulizwa naanza na ufadhili uliokuwa unaisha mwisho wa muhula, na profesa aliyekuwa anaondoka Januari. Yote hayo ni kweli. Lakini msimamizi wangu aliniletea tarehe tatu, na moja ilikuwa ya Januari, na huyo anayeondoka alishasema ataingia kwa video. Aliniuliza kama kuna siku isiyonifaa. Nilijua sendofu ni lini. Nikasema zote zinanifaa. Chuo hakikukataa kitu, sikukiomba. Niliogopa kwamba nikishuka uwanja wa ndege wa KIA, nikikaa wiki mbili na nyinyi, nikirudi nitakuwa nimesahau kila kitu, na kiti cha Baba kilinitisha kuliko ile kamati. Kuongoza ukoo kukukabidhi, nikiwa sina hata kazi. Ningekuambia hivyo wakati ule ungenicheka, au ungelia. Sikukupa nafasi ya kuchagua.

Mama anasema tarehe ulizopewa mbili zinaangukia Desemba, wiki ile tunayojengea kaburi la Baba. Omba ya Januari. Andika barua pepe fupi, sema una jambo la familia nyumbani, usieleze sana. Wakikataa kweli, basi fanya mtihani, nami nitasimama na Mama makaburini, na nitamjibu mimi atakayekuuliza uko wapi.

Tiketi nimeshakata. Natua KIA tarehe 19, saa mbili usiku. Baba mdogo amesema atakuja kunipokea, na gari lina nafasi.